Tumekaa viti jirani, ndege moja, yeye kalipa karibu nusu ya nauli yangu. Nani anapanga bei hizi?

BintiTanga_Kla

Habari za jioni wana jukwaa, hasa nyie wa Kampala na Entebbe, na nyie ambao pasipoti zenu zimejaa mihuri ya Mutukula na Busia.

Nimeolewa huku, mwaka wa tisa sasa. Kwetu Tanga. Mwezi uliopita, Jumatatu usiku, nikapigiwa simu kuwa shangazi yangu hatunaye. Maziko yakapangwa Jumatano adhuhuri ili mwanawe aliyeko Muscat awahi. Kwa basi, Kampala hadi Dar ni zaidi ya siku nzima barabarani, na Dar si Tanga. Nikakata tiketi ya ndege ya kesho yake, Entebbe hadi Dar, kwenda na kurudi dola 430. Sikuuliza mara mbili. Mtu aliyefiwa habishani bei.

Ndani ya ndege nikakaa na kijana mmoja, Mganda, fundi wa minara ya simu, Kiswahili chake cha kujifunzia Mwanza. Mdomo wangu hauna breki, nikamwuliza kalipa ngapi. Dola 236. Kwenda na kurudi! Alikata wiki saba kabla. Ndege ile ile, juisi ile ile, na yeye ndiye kakaa dirishani.

Nilimeza. Ila Desemba kuna harusi ya mdogo wangu, tunakwenda watu wazima wanne: mimi, mume wangu, mama mkwe na wifi. Juzi nikatafuta tiketi nne kwenye simu, ikaja dola 318 kwa kila mtu. Nikampigia baba watoto, tukajadiliana kama dakika ishirini, kurudi kwenye simu imekuwa 341. Hivi wananiona? Kuna mtu kakaa mahali ananisikiliza?

Mwenye ujuzi anieleweshe, na asinitukane.

Konda_Mstaafu

Pole na msiba, mwanangu.

Mimi nimekula miaka kumi na minne Old Taxi Park, konda wa njia ya Entebbe. Kwa wasio wa huku, taxi yetu ndiyo daladala yenu. Saa nne asubuhi nauli ilikuwa moja. Saa kumi na moja jioni, watu wametoka maofisini, nyingine. Mvua ikianza kule Clock Tower, hapo sitaji bei kwanza, nakutazama viatu. Petroli haipandi kwa sababu ya mvua na hakuna aliyewahi kunishtaki. Wiki ya Krismasi nenda kaone nauli za Masaka na Mbarara, mtu analipa huku analalamika, na akishapata kiti anashukuru.

Kwa hiyo bei kubadilika hakunishangazi. Kinachonishinda ni kimoja. Gari ikibakiza kiti kimoja na dereva kashawasha injini, yule abiria wa mwisho mimi nilikuwa nampunguzia. Kiti kitupu hakiliwi. Ndege wanafanya kinyume, wa mwisho ndiye anayekamuliwa. Kwa nini? Wenye akili za ofisini mnijibu.

MkataTiketi_EBB

Shikamoo mzee. Hilo ndilo swali lenyewe, na wengi hawalifikii. Nimekata tiketi Kampala miaka kumi na moja, leo nitaandika kwa kirefu.

Tazama nani anachelewa. Pale taxi park anayekuja dakika ya mwisho ni mpita njia yeyote, na nyuma yako zimepanga taxi kumi za njia hiyo hiyo. Ukimkazia anahamia ya pili. Kwenye ndege, anayekuja siku ya mwisho ni dada yetu mwenye msiba, au mtu wa shirika aliyeitwa kikaoni Dar kesho asubuhi na tiketi inalipwa na ofisi. Hana taxi ya pili nyuma. Mwenye kutafuta bei ndogo, yaani mtalii, mwanafunzi, mtu wa harusi, alishajipanga miezi nyuma. Mapema huja wanaohesabu, mwishoni huja waliobanwa. Na wakianza kushusha bei siku ya mwisho, mzee, sote tutajifunza kungoja, na wa kulipa 430 hatapatikana tena.

Sasa twende ndani. Ndege haina bei moja, ina mafungu. Viti vya daraja la kawaida ni sawa kabisa kwa kukalia, lakini kwenye mtambo, yaani kompyuta ya kuuzia tiketi, vimegawanywa kwa herufi. Y mara nyingi ndiyo nauli kamili, halafu zinashuka B, M, H, K, Q na nyingine, kila shirika na mpangilio wake. Dada, itazame tiketi yako, kuna herufi moja imekaa peke yake kwenye mstari wa safari. Hiyo ndiyo iliyokula pesa yako. Kila herufi ina bei na masharti yake: unaruhusiwa kusogeza tarehe au la, ukiahirisha unarudishiwa nini, kilo ngapi za mzigo, ukate siku ngapi kabla. Fungu la chini likiisha, la juu yake ndilo linalouzwa. Fundi alikuta la chini, wewe ulikuta limebaki la juu. Ila nakuhakikishia, angefiwa yeye huko Dar akataka kuongeza siku tatu, huenda angelia kuliko wewe.

Kazi ngumu ni kuamua viti vingapi viuzwe rahisi na vingapi vifichwe. Hapa kuna historia inayoigusa Entebbe yetu. Tarehe 2 Mei 1952, Comet ya shirika la Kiingereza la BOAC iliondoka London kwenda Johannesburg, safari ya kwanza duniani ya jeti ya abiria kwa ratiba, na Entebbe ilikuwa moja ya vituo vyake. Miaka ishirini baadaye, 1972, mtu wa BOAC hiyo hiyo, Ken Littlewood, akaandika kanuni ambayo mpaka leo ndiyo mama wa hesabu hizi zote. Nitaieleza kwa rolex, si saa, ni ile chapati yetu ya kukunjwa na mayai.

Muuza rolex pale Wandegeya amebakiwa na chapati moja. Saa mbili usiku mwanafunzi wa Makerere anampa shilingi 2,000. Anajua kuna bwana mmoja wa gari, akipita saa nne na njaa yake, hulipa 5,000 na haulizi. Amwuzie nani? Kama bwana huyo hupita siku moja kati ya mbili, kumngoja kuna thamani ya 2,500, basi mwanafunzi aambiwe chapati zimekwisha. Kama hupita siku moja kati ya nne, kumngoja ni 1,250 tu, mwanafunzi apewe chapati yake sasa hivi. Ndiyo kanuni nzima. Mtambo unaifanya kwa kila kiti, kila siku, ukitazama safari kama hiyo zamani ilijaaje. Desemba watu walianza kununua lini? Jumanne ya Februari ilikuwaje?

Waliotia hesabu hizi makali ni Wamarekani. Serikali yao ilipitisha sheria ya kuacha kupanga nauli za ndani mwaka 1978. Mwaka 1981 likazuka shirika la PEOPLExpress kwa nauli za kutupa, abiria wakalikimbilia. American Airlines chini ya Robert Crandall likajibu mwaka 1985: likatoa nauli za chini za kushindana naye, lakini kwa viti vilivyohesabiwa tu na kwa sharti la kukata mapema, viti vilivyobaki vikaachiwa wenye haraka kwa bei yao ile ile. Mwenzake hakuwa na mtambo wa kugawa viti namna hiyo. Alikuwa na madeni pia na alijitanua haraka mno, sitasema ni hili peke yake, lakini kufika 1987 alikuwa amemezwa na wengine.

Ya tiketi nne nitarudi. Kuna mteja mbele yangu.

Mbishi_wa_Jinja

Maneno mengi kaka. Bei ni kodi tu. Entebbe mpaka Nairobi ni kama saa moja hewani, ukiitazama tiketi, ushuru wa viwanja unaumiza kuliko safari. Ongeza mafuta. Rolex haihusiki.

Mzee_wa_Arua

Vijana mmezaliwa mkiwa mmechelewa. Sisi tulikuwa na East African Airways, ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, ilikuwa na ndege za Super VC10. Ikafa 1977 pamoja na Jumuiya yenyewe. Enzi hizo nauli za kimataifa zilikubaliwa kwenye vikao vya IATA, chama cha mashirika ya ndege, serikali zikagonga muhuri. Uende na BOAC au uende na sisi, nauli ile ile. Walishindana kwa chakula na tabasamu.

Lakini msidanganyike kuwa ilikuwa rahisi. Mwalimu wa sekondari hakupanda.

Dada_wa_Kikuubo

Shikamoo wazee. Mimi nafuata mzigo Dubai mara nne kwa mwaka, duka liko Kikuubo. Ulizeni wafanyabiashara, sisi hatutazami nauli peke yake, tunagawanya nauli kwa kilo. Tiketi ya bei kubwa yenye mabegi mawili inaweza kuwa rahisi kuliko ya bei ndogo yenye begi moja. Wengi wanalia uwanjani Dubai kwa sababu hawakusoma hilo.

Swali langu kwa MkataTiketi. Siku moja niliona Entebbe mpaka Addis Ababa peke yake ni ghali kuliko Entebbe mpaka Dubai kwa kupitia Addis Ababa. Ndege ya kwanza ni ile ile! Yaani unaongezewa saa nne za kuruka halafu unapunguziwa bei. Nilidhani simu imeharibika.

MkataTiketi_EBB

Nimerudi. Naanza na Mbishi.

Kaka, uko sahihi kwa swali lingine. Kuna maswali mawili hapa, tusiyachanganye. La kwanza, kwa nini ndege za kwetu ni ghali. La pili, kwa nini watu wawili wa viti jirani hawalipi sawa. Kodi inajibu la kwanza, la pili hailigusi, maana dada na yule fundi walilipa ushuru ule ule.

La kwanza nalo lina mizizi yake. Mafuta ya ndege hatuna hapa, yanashuka melini Mombasa, yanapita kwenye bomba la Kenya, halafu malori yanamalizia. Ada za viwanja mara nyingi hazijali umbali, kwa hiyo kwenye safari fupi kama Nairobi zinakula sehemu kubwa ya tiketi, kwenye safari ya London huzioni. Kwenye risiti utaona pia herufi YQ au YR. Watu wengi hudhani ni kodi ya serikali. Hapana, hizo ni nyongeza za shirika lenyewe, lilizianzisha kwa kisingizio cha mafuta, na mafuta yakishuka hazina haraka ya kushuka. Hapo hata mimi wakala nakereka.

Halafu vibali. Ndege haiendi tu inakotaka, lazima nchi mbili zikubaliane. Mawaziri wa Afrika walikutana Yamoussoukro mwaka 1999 wakaazimia kufungua anga. Januari 2018 Umoja wa Afrika ukazindua soko moja la anga. Utekelezaji wenyewe unatambaa. Kwenye njia yenye muuzaji mmoja, fungu la chini ni la juu pia.

Na hapo ndipo jibu la Dada wa Kikuubo lilipo. Nauli haipimwi kwa kilomita, inapimwa kwa nani mwingine anauza njia hiyo. Entebbe kwenda Dubai kuna Emirates, kuna flydubai, na Uganda Airlines inakwenda moja kwa moja tangu 2021. Anayekupitisha Addis, Nairobi au Kigali anajua anakuchosha, lazima akupoze kwa bei. Lakini anayetaka kushuka Addis kwenyewe ana milango mingapi? Ndiyo maana ndege ile ile ya kwanza ina bei mbili, anayeshuka na anayeunganisha ni wateja wa masoko mawili.

Najua unachofikiria. Kukata ya Dubai ushukie Addis. Usijaribu na mzigo, begi lako litafika Dubai bila wewe. Na ukiruka kipande kimoja, mtambo unafuta vyote vinavyofuata, pamoja na kurudi kwako. Nimewahi kupokea simu ya mtu amekwama kwa ujanja huo. Alikata upya kwa nauli ya siku ya mwisho, ile ya Y.

Mwongozaji_Bwindi

Niongeze la ndani ya nchi. Wageni wangu wa masokwe huuliza kwa nini kuruka Entebbe hadi Kihihi au Kisoro, safari isiyofika hata saa mbili, kunakaribia nauli ya kwenda nchi nyingine. Ile ni ndege ndogo, Caravan, abiria kama kumi na wawili. Rubani analipwa, mafuta yanalipwa, kiwanja kinalipwa, na vichwa vya kugawana ni hivyo kumi na mbili. Na mgeni mwenye kibali cha sokwe cha kesho asubuhi habishani. Njia nyingine ni kutwa nzima garini.

Kijana_Nansana

Dawa ninayo. Tafuta usiku wa Jumanne, futa kumbukumbu za kivinjari, au tumia dirisha la siri. Wanakufuatilia, wakiona umerudi mara mbili wanapandisha. Mimi nimeshaona kwa macho yangu bei inashuka nilipobadilisha simu.

MkataTiketi_EBB

Umeona bei inashuka, hilo sikatai. Sababu yake ndiyo siyo hiyo. Wakala anaweza kushikilia kiti bila kulipa kwa muda fulani. Kikishikiliwa, fungu linapungua, bei inapanda kwako. Muda ukiisha hajalipa, kiti kinarudi, bei inashuka, na wewe wakati huo ulikuwa ndiyo kwanza umebadilisha simu. Jumanne nayo ni masalia. Kuruka Jumanne au Jumatano mara nyingi ni nafuu kwa sababu watu wa ofisi huenda Jumatatu na kurudi Ijumaa. Lakini siku ya kununua si siku ya kuruka.

Sasa tiketi nne za BintiTanga, maana hapa kuna pesa halisi imelala.

Ukiomba viti vinne kwa mara moja, mtambo unatafuta fungu lenye viti vinne. Tuseme fungu la chini lina vitatu. Haukupi vitatu vya bei hiyo na kimoja cha juu. Unalipita fungu hilo lote na kuwapeleka wote wanne la juu yake. Wanne mnalipa zaidi kwa kukosa kiti kimoja! Hizo 318 zako huenda zilikuwa hivyo. Na mlipokuwa mkijadiliana na mzee nyumbani, mtu mwingine akachukua kiti kimoja cha fungu lile la 318, vikabaki vitatu, mkasukumwa tena mpaka 341. Hakuna aliyekusikiliza, dada. Mlijadiliana tu kwa muda mrefu.

Fanya hivi: tafuta mtu mmoja, kisha wawili, kisha watatu, uone bei inaruka wapi. Ikiruka kwenye wa nne, kata watatu pamoja na mmoja peke yake. Hasara yake ni kwamba mtakuwa na namba mbili za safari, ratiba ikibadilika wanaweza kuwahamisha mbalimbali. Mwombe wakala aandike kwenye mtambo kwamba mnasafiri pamoja. Hii ni ya watu wazima, kama kuna mtoto usimtenge na wakubwa.

Mbishi_wa_Jinja

Sawa, hiyo ya nne sikuijua. Lakini mashirika yakiwa mengi bei itashuka yenyewe. Tumeona London. British Airways waliacha Entebbe 2015, tukawa tunazungushwa kama mkaa, mara Amsterdam, mara Istanbul, mara Addis.

MkataTiketi_EBB

Karibu kundini. Ndiyo, na ilichukua mpaka Mei 2025 Uganda Airlines walipoanza kwenda Gatwick moja kwa moja. Ila usitegemee ya moja kwa moja iwe rahisi kuliko ya kuzunguka. Mtu anayelala usingizi mmoja mpaka London analipia usingizi huo, na wao wanajua.

Konda_Mstaafu

Nimeelewa jibu langu, asante mwanangu. Kumbe na mimi nilikuwa na mafungu, yalikuwa kichwani. Mwenye sanduku la uwanja wa ndege na saa mkononi hakuwahi kupunguziwa hata shilingi mia. Mama wa soko Nakasero aliyetaka kushukia Kajjansi, huyo tuliongea.

Swali moja tu. Mimi nikiuza kiti mara mbili napigwa. Wao nasikia wanauza viti kuliko vilivyopo?

MkataTiketi_EBB

Wanauza, mzee, kwa sababu kila safari kuna wasiotokea. Wakitokea wote, mtu anabaki chini, analipwa fidia, analazwa hotelini. Wa nauli ya chini na aliyechelewa kufika kaunta ndio huwa wa kwanza kutazamwa. Fikeni mapema tu.

BintiTanga_Kla

Mrejesho, kwa sababu sipendi nyuzi zinazoachwa njiani.

Nimefanya kama nilivyoelekezwa. Mtu mmoja, dola 287. Wawili, 287. Watatu, 287. Wanne, ikaruka 341. Nilipiga kelele mpaka jirani akauliza kulikoni. Nimekwenda kwa wakala, tumekata tatu za 287 na moja ya 341, na ameandika kuwa ni familia moja. Yule fundi wa minara kama yumo humu, asante kwa kunijibu siku ile.

Ugomvi ukabaki ile moja iandikwe jina la nani. Wifi alisema yake, maana herufi yake inaruhusu kusogeza tarehe kwa faini kidogo na bosi wake bado hajampa ruhusa. Tukakubaliana. Mama mkwe akiwa jikoni akasikia neno "ya bei kubwa", akatoka na mwiko mkononi akasema hiyo ni yake, yeye ndiye mkubwa wa safari. Imeandikwa jina lake. Mpaka sasa hakuna aliyethubutu kumwambia kuwa viti ni sawa.